Hesabu Nne za Kisiwa: Watu, Ndege na Kondoo wa Hirta

Kila mwalimu wa bayolojia anaujua ugumu wa kufundisha somo la idadi ya viumbe. Tunaandika ubaoni kwamba idadi ya viumbe wa aina moja mahali fulani hubadilika kwa njia nne tu, nazo ni kuzaliwa, kufa, kuingia na kuondoka. Kanuni yenyewe ni nyepesi:

Idadi ya mwakani = idadi ya sasa + waliozaliwa − waliokufa + walioingia − walioondoka.

Ugumu upo katika kuithibitisha. Nyumbu wa mbugani huvuka mipaka bila kuandikishwa na mtu. Samaki wa ziwani hawahesabiki. Hata wakazi wa mji mmoja huingia na kutoka kila siku. Ndiyo maana wanasayansi hupenda kufanya uchunguzi wao katika visiwa vidogo. Kisiwa kidogo kina mpaka uliochorwa na bahari yenyewe, na mtafiti mwenye subira anaweza kumhesabu kila kiumbe aliyemo.

Makala hii inakusudia kueleza habari za kisiwa kimoja cha namna hiyo, nacho ni Hirta, kilicho mbali magharibi ya Uskoti. Binadamu waliishi humo kwa muda usiopungua miaka elfu mbili, kisha wakazi wote waliobaki wakaondoka kwa siku moja, tarehe 29 Agosti 1930. Miaka miwili baadaye kondoo wasiofugwa waliachiwa kisiwani, na uzao wao ungalimo hadi leo. Swali letu ni hili: kwa nini jamii moja ilikoma na nyingine ikadumu, ilhali kisiwa ni kile kile?

1. Mahali penyewe

Hirta ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa linaloitwa St Kilda. Jina hilo lina kichekesho chake, kwa sababu hapajapata kuwapo mtakatifu yeyote aliyeitwa Kilda. Funguvisiwa hilo liko katika Bahari ya Atlantiki, kiasi cha kilomita 64 magharibi ya kisiwa cha North Uist. Pamoja na Hirta vimo visiwa vya Soay, Dun na Boreray, na minara ya mawe inayochomoza baharini. Miwili iliyo mashuhuri ni Stac Lee na Stac an Armin.

Visiwa hivi ni mabaki ya volkano kubwa iliyowaka zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Bahari imeila volkano hiyo kidogo kidogo mpaka zikabaki kuta za mwamba. Eneo la Hirta ni kilomita za mraba 6 na ushei tu, lakini kilele chake, Conachair, kina urefu wa mita 430, na upande mmoja wa mlima huo unakatika na kushuka moja kwa moja hadi baharini. Miti haioti, kwa kuwa upepo wenye chumvi hauipi nafasi. Kinachoota kwa wingi ni majani, na majani hayo ndiyo msingi wa habari ya kondoo tutakayoisimulia baadaye.

2. Watu waliokula ndege

Katika visiwa vingi watu huishi kwa uvuvi. Watu wa Hirta walivua kidogo tu, kwa sababu bahari yao ni kali na bandari yao ni ghuba moja iliyo wazi kwa tufani. Chakula chao kikuu kilikuwa ndege wa baharini, pamoja na mayai yao. Wanaume walishuka kwenye majabali kwa kamba, wakawanasa ndege wa aina tatu hasa: ganeti, ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa, fulma, anayefanana na shakwe, na pafini, ndege mdogo mwenye mdomo wa rangi nyingi anayetaga ndani ya mashimo ya ardhini. Wanawake nao walikuwa hodari wa kuwanasa pafini kwa vitanzi.

Ndege walikuwa pia fedha ya kisiwa. Mwenye ardhi, wa ukoo wa MacLeod, alilipwa kodi kwa manyoya. Mafuta ya fulma yaliwasha taa. Nyama ilihifadhiwa bila moshi wala chumvi nyingi, kwa njia inayostahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa fizikia. Wakazi walijenga vibanda vya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, wakaviezeka mawe na majani. Upepo ulipita kati ya mawe, na mvua ikazuiliwa na paa. Upepo ukipita huchukua unyevu, na nyama hukauka kabla ya kuoza. Vibanda hivyo vilivyosalia Hirta ni zaidi ya 1,200.

Kila asubuhi wanaume walikutana njiani kijijini na kushauriana juu ya kazi ya siku hiyo. Mavuno ya ndege yaligawanywa kwa kaya zote. Utaratibu huo haukuwa wa anasa. Kushuka jabalini kunahitaji watu wa kushika kamba, na kuvuka hadi Boreray kunahitaji wapiga makasia wa kutosha. Tuliweke jambo hili akilini, kwani litahitajika tutakapofika mwisho wa habari ya watu.

3. Waliozaliwa na waliokufa

Martin Martin, msomi kutoka kisiwa cha Skye, alipozuru Hirta mwaka 1697, aliandika kwamba wakazi walikuwa wapatao 180. Miaka 30 baadaye, mwaka 1727, ndui iliingia kisiwani. Inasimuliwa kwamba mkazi mmoja alifia ugenini kwa ugonjwa huo, na nguo zake zikarudishwa nyumbani. Watu walio wengi walikufa. Wanaume watatu na wavulana wanane walikuwa wamepelekwa Stac an Armin mwezi wa Agosti kuwinda ndege. Kijijini hawakubaki watu wa kutosha kuendesha mashua ya kuwachukua, nao wakakaa juu ya mnara ule wa mawe majira yote ya baridi, mpaka walipookolewa mwezi wa Mei 1728. Wote kumi na mmoja walikuwa hai. Upweke uliowatesa ndio uliowakinga.

Hapa pana fundisho la elimu ya magonjwa. Katika jamii ndogo iliyotengwa, ugonjwa wa kuambukiza hauwezi kudumu, kwani ukishampata kila mtu hukosa pa kwenda. Lakini kwa sababu haudumu, watu hawapati kinga yake, na ugonjwa ukirudi huwakuta wote wako wazi. Wakazi wa Hirta wenyewe waliligundua jambo hilo, kwa maana kila chombo kigeni kilipotia nanga walishikwa na mafua.

Baada ya ndui, mwenye ardhi alileta familia nyingine kutoka visiwa jirani. Hiyo ndiyo hesabu ya “walioingia”, nayo ndiyo iliyokiokoa kijiji safari hiyo.

Katika karne ya 18 na ya 19 pigo lilikuwa la namna nyingine. Watoto wachanga walizaliwa wakiwa na afya, wakanyonya siku chache, kisha taya zikakaza, mwili ukakakamaa, wakafa. Wenyeji waliuita ugonjwa wa siku nane. Kuna vipindi ambapo zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa walikufa hivyo. Ugonjwa huo ni pepopunda, ule ule ambao katika kliniki zetu mama wajawazito huchanjwa ili kuwakinga watoto wao. Bakteria wake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na humwingia mtoto kupitia kitovu kilichokatwa au kupakwa kitu kichafu.

Mwaka 1889 alifika kisiwani mchungaji aliyeitwa Angus Fiddes. Hakuridhika kuzika watoto tu. Alikwenda Glasgow kujifunza namna ya kumhudumia mzazi na kitovu cha mtoto kwa usafi wa dawa za kuua vijidudu, akarudi na kufundisha. Mapema katika miaka ya 1890 ugonjwa ulikoma. Hapakuhitajika mashine wala hospitali. Yalihitajika maarifa na mikono safi. Hata hivyo, watoto waliokosekana kwa vizazi kadhaa hawangeweza kurudishwa. Kila mtoto aliyekufa mwaka 1860 alikuwa mshika kamba aliyekosekana mwaka 1885.

4. Walioondoka

Mwaka 1851 wakazi walikuwa 110. Mwaka uliofuata watu 36 walipanda meli kwenda Australia, na wengi wao wakafa kabla ya kufika mwisho wa safari yao. Tangu hapo idadi ya watu wa Hirta haikupata tena kufikia 100.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Jeshi la Maji la Uingereza liliweka kituo cha simu ya upepo kisiwani, na tarehe 15 Mei 1918 nyambizi ya Ujerumani ikakipiga mizinga. Hakuna mtu aliyeuawa. Lakini vita vilileta habari za ulimwengu, mishahara na vyombo vya mara kwa mara. Vita vilipokwisha, vijana walianza kuhama. Mafuta ya taa na vitu vya dukani vilikuwa vimekwisha kuyashusha thamani mafuta na manyoya ya ndege.

Mwezi wa Mei 1930 wakazi waliobaki waliiandikia serikali barua wakiomba kuhamishwa. Walikuwa 36 tu, na kati yao wanaume wenye nguvu za kushuka majabali na kupiga makasia walikuwa wachache mno. Tazama jinsi hesabu ilivyofika mwisho. Chakula hakikuwa kimekwisha, kwa kuwa ndege walikuwako maelfu kwa maelfu. Kilichokwisha ni mikono ya kukichukua. Jamii ya watu ina kiwango chake cha chini, na kiwango hicho hupimwa kwa kazi ambazo lazima zifanywe kwa pamoja. Ikishuka chini yake, kila anayeondoka humfanyia anayebaki maisha kuwa magumu zaidi, naye pia huondoka.

Tarehe 29 Agosti 1930 meli ya Harebell iliwachukua wote. Inasimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia imefunguliwa, na karibu yake rundo dogo la nafaka.

5. Walioachwa nyuma

Watu walipoondoka, wanyama walifuata njia mbalimbali. Kijijini walikuwako panya wadogo wa nyumbani wa aina ya pekee, waliokwisha kuzoea kuishi na binadamu. Moto wa jikoni ulipozimika na ghala kukauka, panya hao walitoweka katika miaka michache. Panya wa shambani wa Hirta, ambao huenda waliletwa na mashua za mabaharia wa Skandinavia zamani, walibaki. Hao ni wakubwa kwa uzito karibu mara mbili kuliko ndugu zao wa bara. Jambo hili huonekana katika visiwa vingi. Pasipo adui wengi na washindani wengi, mnyama mdogo huweza kunufaika kwa kuwa mkubwa, hasa mahali pa baridi, kwa sababu mwili mkubwa hupoteza joto taratibu zaidi.

Yumo pia ndege mdogo aitwaye reni, aliye mzito na wa kijivu zaidi kuliko reni wa bara. Mwaka 1884 mtaalamu mmoja alimtangaza kuwa spishi mpya. Tangazo hilo lilikuwa balaa kwake, maana wakusanyaji walianza kutoa fedha kwa mayai na ngozi zake. Ilibidi Bunge la Uingereza litunge sheria mwaka 1904 ili kumlinda. Leo wataalamu humhesabu kuwa nususpishi tu, na hujenga viota hata katika vile vibanda vya mawe vilivyoachwa na watu.

Tofauti na panya, ndege wa baharini wana mlango wa kutokea. Hadi mwaka 1878 fulma hakuwa na mahali pengine pa kuzalia katika Visiwa vya Uingereza isipokuwa St Kilda. Mwaka huo walionekana wakizaa katika kisiwa cha Foula, na baadaye wakaenea karibu pwani zote za nchi hiyo. Lakini mlango huo huo hupitisha maafa. Mwaka 2022 mafua makali ya ndege yaliwaua ganeti wengi katika makoloni ya Uskoti, kama vile ndui ilivyoingia kwa mashua mwaka 1727.

6. Kondoo wasio na mlango

Mwaka 1932 mmiliki mpya wa visiwa alihamisha kondoo 107 kutoka kisiwa cha Soay na kuwaachia Hirta. Neno “Soay” lenyewe, kwa lugha ya kale ya Skandinavia, maana yake ni kisiwa cha kondoo. Ni kondoo wadogo, wengi wao wa rangi ya kahawia, wanaofanana na wale waliofugwa Ulaya katika zama za kale. Hawachungwi, hawalishwi, hawachinjwi, wala hakuna mnyama wa kuwawinda. Wala hawana pa kwenda. Katika kanuni yetu, “walioingia” ni sifuri na “walioondoka” ni sifuri. Zimebaki hesabu mbili tu.

Tangu mwaka 1985 watafiti wamekuwa wakiwafuatia kondoo mmoja mmoja katika bonde la kijiji. Kila mwanakondoo huvishwa hereni yenye namba, hupimwa uzito, na damu au ngozi yake huchukuliwa ili kuwatambua wazazi wake. Kila Agosti hukamatwa wengi iwezekanavyo na kupimwa tena. Kondoo akifa, mzoga wake hutafutwa na kuandikwa.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Idadi ya kondoo wa Hirta haitulii. Hupanda na kushuka, kati ya 600 hivi na zaidi ya 2,000. Katika majira ya baridi ya 1988 na 1989 zaidi ya nusu yao walikufa. Sababu ni hizi. Kondoo jike wa Soay huweza kushika mimba akiwa angali hajatimiza mwaka, hivyo kundi huongezeka upesi. Wakiwa wengi, majani huliwa yote kabla ya mwisho wa baridi. Mwenye njaa hushindwa kupigana na minyoo ya tumboni, na dhoruba za mvua humchosha zaidi. Kondoo dume hufa wengi kuliko majike, kwa kuwa mwezi wa Novemba hutumia nguvu zao kugombania majike badala ya kula.

7. Pembe, umbo na urithi

Daftari la miaka mingi namna hii huweza kujibu maswali ambayo Charles Darwin aliyauliza mwaka 1859 bila kuwa na njia ya kuyapima. Tutaje mawili.

La kwanza ni pembe. Kondoo dume mwenye pembe kubwa hushinda mapigano na kupata watoto wengi. Kwa nini basi wasingekuwa wote na pembe kubwa kufikia sasa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba jeni moja, iitwayo RXFP2, ina namna mbili. Dume aliyerithi namna ya pembe kubwa kutoka kwa wazazi wote wawili huzaa zaidi lakini huishi muda mfupi. Aliyerithi namna ya pembe ndogo pande zote huishi zaidi lakini huzaa kidogo. Aliyerithi moja ya kila namna hunufaika kwa yote mawili, yaani kuzaa na kuishi. Kwa hiyo namna zote mbili hudumu katika kundi.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anao mfano wa karibu wa kanuni hiyo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwa uchunguzi uliofanywa katika eneo letu kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ilhali aliyerithi mbili huugua sana. Kondoo wa Hirta na watoto wa maeneo yetu yenye malaria wanaeleza sheria moja ya urithi.

La pili ni umbo. Kondoo wakubwa huvuka baridi vizuri zaidi, na ukubwa hurithiwa kwa sehemu. Kwa hoja hiyo tungetazamia wawe wakubwa kila kizazi. Kumbe vipimo vilionyesha kwamba wanazidi kuwa wadogo. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2009 ni kwamba majira ya baridi yamepungua ukali. Wanakondoo wanaokua polepole, ambao zamani wangekufa katika mwaka wao wa kwanza, sasa huishi. Tena majike huzaa wangali wadogo, na mama mdogo huzaa mtoto mdogo. Uteuzi wa maumbile haujasimama, bali mazingira yameushinda nguvu. Hapo mabadiliko ya hali ya hewa yanasomeka katika miguu ya kondoo.

Hitimisho

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Jamii ya watu wa Hirta haikuangamia. Ilitumia mlango wa nne, yaani kuondoka. Kondoo wamedumu kwa sababu hawahitaji kushikiana kamba, lakini kudumu kwao kuna gharama. Mlango wa kuondoka ukifungwa, mlango wa kifo hulipa deni lote. Kila baridi kali ni hesabu inayofungwa kwa mizoga.

Mwaka 1957 visiwa hivi viliachiwa kwa wosia Shirika la Hifadhi la Taifa la Uskoti. Vimetambuliwa kuwa Urithi wa Dunia kwa maumbile yake tangu mwaka 1986, na kwa utamaduni wake tangu mwaka 2005. Mahali penye sifa hizo mbili pamoja ni pachache duniani, na Ngorongoro ni mojawapo. Heshima hiyo ya pande mbili inatukumbusha kwamba historia ya watu na elimu ya viumbe si masomo ya vyumba tofauti. Daftari la vizazi na vifo la kijiji, na daftari la hereni za kondoo, husomwa kwa kanuni moja. Mwalimu aliye na shule karibu na bwawa, kichaka au kisiwa kidogo anaweza kulianzisha daftari lake leo hii.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kundi la kubuni lina kondoo 1,200 mwezi wa Agosti. Katika majira ya baridi wanakufa 540, na mwezi wa Aprili wanazaliwa wanakondoo 310 wanaoishi. Hakuna anayeingia wala kuondoka. Tafuta idadi ya Agosti inayofuata. Kwa nini vifo vya baridi inayofuata huenda vikawa vichache?

2. Dume mwenye namna mbili tofauti za jeni ya pembe anapandana na jike mwenye namna mbili tofauti vilevile. Chora mraba wa urithi, ueleze ni sehemu gani ya watoto inayotazamiwa kuwa kama wazazi wao.

3. Taja hesabu ipi kati ya zile nne ilibadilika katika kila tukio: ndui ya 1727, kuletwa kwa familia mpya, safari ya 1852, na kazi ya Angus Fiddes.

4. Chagua mahali palipo na mpaka ulio wazi karibu na shule yenu. Panga namna ya kuhesabu aina moja ya kiumbe mahali hapo kwa muda wa mwaka mzima, ukieleza utakavyowatambua walioingia na walioondoka.